Maumivu ya mbavu: historia iliyopitia shambani

Wasomi wenzangu, wengi wenu munanijua hapa kwa maandiko yangu juu ya migomba inayonyauka na bei ya kakao. Leo nimechukua jambo ambalo si la fakilte yangu: historia ya kutuliza maumivu ya mutu aliyefunguliwa kifua. Nimeingia humo kwa mlango wa mimea, maana dawa nyingi tutakazozitaja zilianzia kwenye mmea fulani, na mmoja wa mimea hiyo ni nafaka ya kawaida kabisa ambayo hakuna mutu angeidhania.

Kwanza tuelewane juu ya mbavu. Mutu akipasuliwa goti, anaambiwa alaze mguu, goti lipumzike. Mbavu hazina siku ya mapumziko. Mtu mzima anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika, ukihesabu siku nzima unapita 17 000, na kila pumzi inafungua na kufunga kifua. Chini ya kila ubavu kunapita mshipa wa fahamu, pamoja na mishipa ya damu, ndani ya mfereji mdogo wa mfupa. Ukitia chuma katikati ya mbavu mbili, hata chuma chembamba kama kidole, unaweza kuuminya au kuukwaruza huo mshipa. Baada ya hapo kila pumzi inaugusa.

Sasa mgonjwa anafanya nini? Anafanya kitu cha akili: anapumua kidogo kidogo, kwa juu juu, na anakataa kukohoa. Kumbe hapo njo hatari inaanza. Sehemu za chini za pafu hazipati hewa, zinalala. Makohozi yanabaki humo. Baada ya siku mbili tatu homa inapanda, na yule aliyeokolewa na kisu anaanza kufa na nimonia. Kwa hiyo kutuliza maumivu ya kifua si huruma tu, wala si starehe ya matajiri. Ni sehemu ya matibabu ya pafu lenyewe.

Huko kwenye hospitali kubwa za Nairobi, Johannesburg au Ulaya, siku hizi pafu linapasuliwa kwa matundu madogo, moja mpaka manne, kamera ikiingia kwa tundu moja na vyombo kwa mengine, bila kutanua mbavu kwa chuma. Maumivu yanapungua, lakini hayaishi. Mwaka 2016 madaktari wa Odense, Denmark, walitoa utafiti wao juu ya wagonjwa 206 wa saratani ya pafu, waliogawanywa kwa kura: wengine tundu dogo, wengine kisu kirefu. Katika saa 24 za kwanza, wenye maumivu ya kuhesabika walikuwa 63 kwa mia upande wa kisu kirefu, na 38 kwa mia upande wa tundu dogo. Ni ushindi, ndiyo. Lakini wale 38 wasisahaulike, tena wote walikuwa wamewekewa mrija wa dawa ya ganzi mgongoni.

Kwetu Butembo na Beni kifua kinafunguliwa kwa sababu zingine. Aliyeanguka na chukudu kwenye mteremko akiwa amepakia mbao. Aliyegongwa na pikipiki. Aliyepigwa risasi upande wa Mbau au Eringeti. Na mwenye kifua kikuu kilichojaza usaha kati ya pafu na ukuta wa mbavu. Kwa wengi wao kazi yenyewe ni ndogo kwa macho: daktari anakata ngozi sentimita mbili tatu katikati ya mbavu, anaingiza mrija, na mrija unashuka mpaka kwenye chupa yenye maji chini ya kitanda. Hewa na damu vinatoka, maji yanazuia hewa isirudi. Kwa umbo ni ndugu maskini wa ile operesheni ya kamera. Kwa maumivu ni ndugu sawa sawa, maana mrija unabaki humo siku nyingi, na kila mgonjwa akigeuka unamkumbusha.

Yaya mmoja wa ukoo wetu, mwendesha chukudu, alikaa na mrija wa namna hiyo siku sita katika hospitali moja ya huku. Nilikuwa mlinzi wake wa usiku, munajua namna familia inavyogawana zamu. Alipewa parasetamoli, na sindano moja ya kwanza wakati wa kumkata. Siku ya tatu alikuwa analala amekaa, mto kifuani, macho wazi. Muuguzi mmoja mama, mwenye umri, alimfundisha kukumbatia mto kwa nguvu kabla ya kukohoa. Ilimsaidia kuliko vidonge. Baba mdogo alipofika kumsalimia alimwambia neno ambalo tunalijua wote tangu utoto, kwamba mwanaume halalamiki. Yaya akanyamaza. Nilianza kusoma juu ya jambo hili usiku ule, kwa simu, na sijaacha.

Tundu dogo si mtoto wa juzi. Mwaka 1910 daktari wa Stockholm, Hans Christian Jacobaeus, alichukua chombo kilichotengenezwa kwa kuchungulia kibofu cha mkojo, akakiingiza kifuani mwa mgonjwa. Wakati ule kifua kikuu hakikuwa na dawa. Tiba iliyosifiwa ilikuwa ya Mwitalia Carlo Forlanini: kupuliza hewa kati ya pafu na mbavu ili pafu liporomoke, lipumzike, kidonda kijifunge. Shida ni kwamba mara nyingi pafu lilikuwa limegandamana na ukuta wa kifua kwa nyuzi za makovu, likakataa kuporomoka. Jacobaeus akaanza kuziunguza nyuzi hizo kwa waya wa moto, akitazama kwa bomba lake. Na tazama vizuri: mgonjwa alikuwa macho. Ngozi na nyama za katikati ya mbavu zilitiwa ganzi kwa sindano, basi. Upasuaji wa tundu dogo wa kifua na ganzi ya mbavu vilizaliwa karibu katika chumba kimoja. Streptomisini ilipopatikana miaka ya 1940, kazi hiyo ya kuunguza nyuzi ilififia, mpaka kamera za video zilipoirudisha njia yenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ganzi hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye majani ya koka, kichaka cha milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mwaka 1860 Mjerumani Albert Niemann aliitenga kokaini kutoka kwa majani hayo. Mwaka 1884, huko Vienna, daktari kijana Carl Koller aliitia kwenye jicho na kuona kwamba jicho linaguswa bila kuhisi kitu. Dunia nzima ikaitaka. Waholanzi wakapanda koka Java, na kisiwa hicho kikawa muuzaji mkubwa mwanzoni mwa karne ya 20. Sisi wa agronomia Java tunaijua kwa mti mwingine wa dawa, kinkina, wenye maganda ya kutoa kinini. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942 na kinini kukatika, Wabelgiji waliongeza kinkina huku Kivu, na mpaka leo kuna familia za Lubero na Butembo zinazokausha maganda yake. Koka haikufuata njia hiyo. Naona ni afadhali, na sababu yake ni fupi: kokaini inaua maumivu, halafu inamshika mwenye kuitumia. William Halsted, mpasuaji mkubwa wa Marekani, mmoja wa wa kwanza kuitia kwenye mishipa ya fahamu, alijijaribia mwenyewe na akawa mtumwa wake.

Majaribio ya siku zile, jamani! August Bier, huko Kiel, mwezi wa nane 1898, alitaka kujua kama kokaini ikitiwa kwenye maji ya uti wa mgongo inafanya miguu ife ganzi kweli. Msaidizi wake Hildebrandt akajitolea. Bier akampiga sindano mgongoni, kisha akaanza kazi: akamminya, akamchoma na sigara kubwa, akampiga muundi wa mguu kwa nyundo ya chuma. Hildebrandt hakusikia kitu. Jioni walikunywa divai na kuvuta sigara kwa furaha, na kesho yake yule wa nyundo hakuweza kufurahia tena miguu yake, na Bier mwenyewe, aliyekuwa amechomwa kabla yake, akaugua kichwa siku nyingi. Sindano ya mgongo ambayo mama zetu na dada zetu wanapigwa wakifanyiwa sezarieni ni mjukuu wa jioni ile. Miaka saba baadaye, 1905, Hugo Sellheim aliweka dawa pembeni ya uti wa mgongo, pale ambapo mishipa ya mbavu inatoka. Njia yake ikasahaulika kwa muda mrefu, mpaka madaktari wawili, Eason na Wyatt, walipoifufua mwaka 1979. Kwa kifua ni njia ya maana sana, maana inatia ganzi upande mmoja tu wa mbavu na kuacha mwili mwingine huru.

Sasa tufike kwenye nafaka niliyowaahidi. Ni shayiri.

Miaka ya 1930, Stockholm tena, mtaalamu wa kemia Hans von Euler-Chelpin alikuwa anachunguza aina za shayiri zenye kasoro ya majani, zile ambazo rangi ya kijani haitokei vizuri. Ndani yake wakakuta kemikali inayoitwa gramini, ambayo inaonekana inakinga mmea na wadudu. Mutu wa agronomia akisikia hivyo anachangamka: upinzani wa asili dhidi ya wadudu! Holger Erdtman alipewa kazi ya kuitengeneza gramini kwa mikono. Akakosea njia, akapata ndugu yake, isogramini. Zamani wanakemia walikuwa wanaonja vitu vyao, tabia ambayo leo ingewafukuzisha maabara. Erdtman akaonja, ulimi ukafa ganzi. Gramini yenyewe ikionjwa hivyo haifanyi kitu. Kazi ikaendelea kwa miaka, dawa baada ya dawa, mpaka mwaka 1943 Nils Löfgren alipoipata lidokaini, na kijana mwenzake Bengt Lundqvist akajipiga sindano zake mwenyewe ili kujua inafanya nini. Miaka michache baada ya vita ikawa sokoni. Njo ile chupa ndogo ambayo munganga wa meno anaivuta kwa sindano, hapa Butembo na kila pahali. Haina ulevi wa kokaini. Na mwanzo wake ni watu waliokuwa wanashangaa majani ya shayiri yasiyo na rangi.

Mimi nimefundishwa kuandika kwenye ripoti ya stage kwamba mmea wenye kasoro «unaondolewa». Tangu nisome habari hiyo, ninautazama mara mbili kwanza.

Historia yetu wenyewe ya kisu iko karibu kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1929 daktari Mmarekani Carl Becker alifika Kongo na kuanza kazi Katwa, ambako leo ni sehemu ya Butembo. Miaka ya 1930 akahamia Oicha, kaskazini ya mji wa Beni, pembeni ya msitu, chini ya misheni ya Africa Inland Mission. Alibaki katika nchi hii karibu maisha yake yote ya kazi, akapasua, akafundisha Wakongo kusaidia na kupasua. Hospitali za misheni za wakati ule zilifanya kazi hasa kwa eteri iliyodondoshwa kwenye kitambaa cha pua na kwa sindano ya mgongo. Baada ya mgonjwa kuamka, mengi yaliachwa kwa Mungu na kwa familia iliyokaa pembeni ya kitanda.

Lakini Oicha haikujulikana duniani kwa sababu ya kisu. Ilijulikana kwa ukoma. Maelfu ya wagonjwa waliishi katika kijiji chao karibu na hospitali. Na ukoma ni nini, kwa habari yetu ya leo? Ni ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu. Mutu anashika chungu cha moto bila kusikia, anakanyaga mwiba na kuendelea kulima. Daktari Paul Brand, huko Vellore, India, alionyesha kwamba vidole vya wenye ukoma havidondoki kwa kuoza tu kama watu walivyosadiki. Vinaisha kwa majeraha ambayo mwenyewe hakuyasikia. Kwa hiyo wazee wa Oicha waliona kwa macho yao watu wasiokuwa na maumivu, na haikuwa baraka.

Ninalisema hili kwa sababu mara nyingi nikijadiliana na wenzangu, mmoja anasema: maumivu ni mlinzi, usimnyamazishe. Ni kweli, ni mlinzi. Anapiga kelele mwizi akiingia. Lakini baada ya upasuaji, mwizi ameonekana, ameshatolewa nje, mlango umefungwa, na mlinzi bado anapiga kelele usiku kucha mpaka wenye nyumba hawalali na hawapumui. Huyo inabidi aambiwe atulie. Ukoma wa Oicha na mrija wa yaya wangu haviwezi kuwekwa kwenye mfuko mmoja.

Uasi wa 1964 ulimlazimisha Becker kuikimbia Oicha. Aliporudi alishiriki kuanzisha kituo kikubwa cha tiba cha misheni kadhaa huko Nyankunde, Ituri, kilichofundisha wauguzi wa mashariki nzima. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, watu wengi sana wakauawa, wagonjwa waliokuwa vitandani miongoni mwao. Waliookoka wakakata msitu kwa miguu mpaka Oicha. Ninyi mulio chini ya miaka 25 pengine hamujasikia. Ulizeni wauguzi wazee wa Beni. Wengi wa waliotufundishia watu wa kutoa dawa za usingizi walipita mlango huo.

Halafu kuna mofini, na hapa njo hasira yangu iko.

Mmea wa afyuni ni ua la mwaka mmoja, linalopenda baridi na udongo usiotuama maji. Mwanzoni mwa karne ya 19 msaidizi wa duka la dawa, Mjerumani Friedrich Sertürner, alitenga kiini chake, akajijaribu pamoja na vijana watatu, karibu wafe wote, akakipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki wa kale. Zamani mofini ilitokana na utomvu unaokwaruzwa kwenye kichwa cha ua kibichi, kazi ya mikono mingi na ya wizi rahisi. Mhungaria János Kabay, kati ya miaka ya 1920 na 1930, alipata njia ya kuitoa kwenye mabua makavu baada ya mbegu kuvunwa. Tangu hapo ikawa kilimo cha mashine, na kisiwa cha Tasmania, Australia, kikawa kati ya wazalishaji wakubwa kabisa wa mofini halali duniani. Kwa agronomia ni zao kama mengine: mbegu, mbolea, uzio. Kilo moja haina siri.

Siri iko kwenye karatasi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 juu ya dawa za kulevya ulisema mambo mawili kwa pamoja: dawa hizi zizuiwe zisiingie barabarani, na zisikosekane hospitalini kwa kutuliza maumivu. Kila nchi inapeleka Vienna makadirio ya mahitaji yake ya mwaka. Nchi isiyohesabu wagonjwa wake inaandika kidogo, na inapata kidogo. Nusu ya kwanza ya mkataba ilishikwa kwa mikono miwili, nusu ya pili ikaanguka njiani. Tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2017: kati ya tani 298.5 za mofini na dawa za ukoo wake zilizogawanywa duniani kwa mwaka, ukizipima zote kama mofini, nchi zote za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Yaani kilo 100. Kongo iko ndani ya zile kilo 100, pamoja na nchi zingine zote maskini. Camion moja ndogo ya Butembo ingezibeba zote na bado dereva angetafuta abiria.

Wakati huo huo Marekani wanazika watu kwa sababu madaktari waliandika vidonge vya namna hiyo kama peremende. Kwa hiyo simwambii mutu kwamba mofini ni maziwa. Ninasema tu kwamba woga wa Marekani hauwezi kuwa woga wetu, maana hatujafika hata kwenye mlango wa jumba lao.

Pengo la mofini kwetu linazibwa na tramadoli, iliyotoka Ujerumani mwaka 1977. Haiko chini ya ule mkataba, njo maana inapita. Inauzwa kwenye maduka ya dawa ya barabarani, vijana wa mizigo wanaimeza ili wabebe zaidi, na dozi ikizidi inaleta kifafa. Na hapa kuna kisa cha shamba ambacho nakipenda. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameikuta tramadoli ndani ya mizizi ya mti mmoja wa kaskazini ya Kamerun, mti ambao watu huutumia kama dawa. Dunia ikashangilia: Afrika ilikuwa nayo tayari! Mwaka uliofuata kundi lingine likaenda kuchimba na kupima. Wakulima kule walikuwa wanameza tramadoli na kuwapa ng'ombe wa kukokota plau, ng'ombe wakakojoa, udongo ukanywa, mizizi ikanyonya. Mti ulikuwa unarudisha vidonge vya dukani. Mubishi atabisha, na walibishana kweli, lakini mimi nawaamini waliopima udongo.

Ketamini nitaipitia haraka. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, inalaza mtu bila kusimamisha pumzi yake kirahisi, haihitaji mashine kubwa, kwa hiyo ni nguzo ya upasuaji wa vijijini, na kwa dozi ndogo inatuliza maumivu. Mwaka 2015 China ilipendekeza iwekwe chini ya mkataba mkali wa kimataifa. Shirika la Afya Duniani lilipinga, pendekezo likaahirishwa. Lingepita, hospitali nyingi za mashariki ya Kongo zingebaki na visu bila usingizi, na sidhani kama mtu wa huku angeulizwa.

Leo mapendekezo kwa mgonjwa wa tundu dogo la kifua yamegeuka. Zamani mofini ilikuwa ya kwanza. Sasa wataalamu wa Ulaya, katika mapendekezo yao ya 2022, wanaanza na parasetamoli pamoja na dawa ya ukoo wa ibuprofeni, kwa saa maalumu, bila kungoja mgonjwa alie, kisha ganzi ya mishipa ya mbavu, na mofini inabaki akiba ya pale yote yanaposhindwa. Ganzi hiyo ni ile ya Sellheim pembeni ya uti wa mgongo, au nyingine changa iliyoelezwa mwaka 2016 na Mauricio Forero na wenzake huko Kanada: dawa inawekwa chini ya msuli mrefu wa mgongo, juu ya mfupa, mbali kidogo na pafu, sindano ikitazamwa kwa ekografia. Ekografia zipo Butembo, mama wajawazito wanazijua. Dawa ni watoto wa shayiri: lidokaini, au bupivakaini inayokaa saa nyingi zaidi.

Hata bila ekografia, aliyefunzwa anaweza kuweka ganzi chini ya ubavu wenyewe. Nasema aliyefunzwa, maana milimita chache zaidi na sindano iko kwenye pafu, na dozi ikizidi au ikiingia kwenye damu inaleta degedege na kusimamisha moyo. Vidonge vya ukoo wa ibuprofeni navyo vinachimba tumbo na figo za mutu aliyepoteza damu. Hakuna kitu cha bure hapa. Lakini sehemu kubwa ya orodha hiyo haihitaji sahihi kutoka Vienna, na kwa mji kama wetu hilo ni jambo kubwa.

Na ile akiba, mofini, jirani zetu walitafuta njia. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Singapore na Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Hakuleta vidonge vya bei. Unga wa mofini unachanganywa na maji na dawa ya kuzuia kuoza, unatiwa rangi ili nguvu zisichanganyikiwe, unagawanywa kwa chupa za plastiki. Serikali ya Uganda ikaukubali utolewe bila malipo, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliopewa mafunzo maalumu kuuandika wenyewe, maana daktari wa kuandika hakuwepo kijijini. Ulikuwa kwanza wa wenye saratani na Ukimwi. Kutoka Beni unapita Bulongo, unafika Kasindi, unavuka daraja, uko katika nchi ambayo muuguzi ana kalamu hiyo. Wafanyabiashara wetu wanavuka hapo kila siku ya Mungu.

Rafiki yangu mmoja wa promotion, upande wa utabibu, yuko sasa kwenye hospitali ndogo ya kijijini. Nilimuuliza anafanyaje na mirija ya kifua. Akaniambia kabla ya kukata anaweka lidokaini chini ya ubavu wenyewe, na wa juu yake, na wa chini yake, halafu anasubiri dakika kumi kwa saa, hata familia ikinung'unika kwamba anachelewa. Wagonjwa wake wanaketi na kukohoa siku ile ile. Akiipata bupivakaini, ganzi inawafikisha jioni. Kisha anawaachia parasetamoli na mto. Usiku, akasema, bado unamshinda.